Mgongo Wangu Jukwaani

Simu ilinikuta Hjulsta, mwisho wa njia ya buluu ya treni za chini ya ardhi za Stockholm, nikiwa natembea kandokando ya treni kutoka chumba cha dereva cha mbele kwenda cha nyuma ili niirudishe mjini. Nilikuwa kwenye mwaka wangu wa mwisho wa kazi kabla ya pensheni. Namba sikuitambua, lakini sauti niliijua kabla mwenyewe hajajitaja.

"Ni mimi," alisema kwa Kiswidi. "Kaa chini."

"Niko kazini. Siwezi kukaa."

"Basi shika nguzo. Wanatutaka tena."

Aliyepiga alikuwa mpiga gita wa bendi niliyoipigia besi nilipokuwa kijana. Tulikuwa wanne. Tulitoa santuri moja tu, tukazunguka kwenye kumbi ndogo za Sweden kwa miaka michache, kisha tukaachana bila hata kugombana. Muziki wetu ulikuwa ule uliokuja baada ya panki, muziki wa fujo wa vijana wa Ulaya: gita kavu lisilopambwa, besi ikitembea mbele badala ya nyuma, na mwimbaji anayesema mambo mazito kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ofisini. Haukuwahi kupigwa harusini. Nilidhani umeshakufa. Kumbe santuri ile ilikuwa imepita mkono kwa mkono, baadaye ikaingia kwenye simu za watu, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakawa wanajua kila pigo.

"Wanatutaka wote wanne," alisema. "Na wewe wanakutaka kuliko sisi sote. Unajua kwa nini."

Nilijua. Nilimwambia nitampigia nikimaliza zamu.

Nilikuja Stockholm kutoka Morogoro nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimetumwa na serikali kusomea ufundi wa mitambo ya umeme. Kabla ya kuondoka tuliambiwa wazi kwamba tunakwenda kusoma na kurudi. Hakuna kazi za pembeni, hakuna siasa, hakuna kuchezacheza. Mara kwa mara alikuja ofisa wa serikali yetu wa kutuangalia, mtu mpole mwenye koti refu, ambaye alijua habari zetu kabla hatujamwambia. Mwenzetu mmoja alitokea kwenye picha ya gazeti, yuko katikati ya maandamano. Aliapa kwamba alikuwa anapita tu kwenda kununua mkate. Mwezi haukuisha akapandishwa ndege. Hatukuelezwa kosa lake, wala hatukuuliza.

Besi niliijua kidogo. Nyumbani nilizoea kushinda kwenye ukumbi wa bendi ya mtaa wetu, nikibeba maspika ili wakienda kula nami niruhusiwe kushika gita. Siku moja, kwenye darasa la lugha la jioni, mwalimu alituuliza tunapenda nini. Nikasema kwa Kiswidi changu cha kubahatisha kwamba napenda kupiga besi. Mwalimu alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekuwa anaanzisha bendi na hajapata mtu wa besi. Ndivyo nilivyojikuta chini ya jengo la ghorofa, kwenye handaki la kujikinga na mabomu lililogeuzwa chumba cha mazoezi, mlango wa chuma umefungwa nyuma yangu, na watu watatu wananitazama wanangoja nipige.

Yule mdogo wa mwalimu ndiye alikuwa mwimbaji, msichana mrefu mwenye viatu vya mvua kiangazi na masika. Mpiga gita alikuwa na maneno mengi. Mpiga dramu, kijana aliyeletwa na wazazi wake kutoka Finland, hakuwa na maneno kabisa. Nilihangaika. Muziki wa kwetu una mzunguko, ukishaushika unakubeba wenyewe. Huu ulikuwa unakatika, unaruka, unasimama ghafla kama ukuta mbele yako. Nikagundua kitu kimoja tu cha kuaminika, nacho ni mguu wa kulia wa mpiga dramu. Nikiuangalia mguu ule kwenye ngoma kubwa, najua pa kukanyaga. Basi nikawa sitoi macho kwenye mguu.

Siku ya kwanza kupanda jukwaani niliona mtu mwenye kamera, mbele kabisa, amepiga goti. Akilini nilimwona yule ofisa wa koti refu akifungua gazeti asubuhi, nikajiona tayari niko kwenye kiti cha ndege. Nikageuka. Niliwapa watu mgongo, nikakaza macho kwenye mguu wa mpiga dramu, na sikugeuka mpaka wimbo wa mwisho. Nilikuwa nimevaa koti la kahawia la karakana kwa sababu nilitoka darasani moja kwa moja. Picha zilitoka kweli, na ndani yake yumo mtu mweusi asiye na uso. Nikaona nimepona. Tangu siku hiyo nikawa nafanya hivyo kila mara.

Watu wakaanza kutafsiri. Wengine walisema ni ghadhabu. Wengine walisema naikataa Ulaya. Mmoja aliandika ukurasa mzima kuhusu mgongo wangu, kwa maneno ambayo mwalimu wetu wa lugha ilibidi anifafanulie. Wenzangu waliujua ukweli na tulicheka pamoja, lakini uvumi ulikuwa unaleta watu ukumbini, kwa hiyo hakuna aliyeukanusha. Santuri ilipotoka, jalada lake lilikuwa ni hilo: mgongo, koti la kahawia, waya wa besi umening'inia.

Kozi ilipoisha, mtambo niliotakiwa kurudi kuuhudumia ulikuwa haujajengwa. Barua zangu hazikujibiwa. Nikapata kazi ya kufagia vituo vya treni, nikapata kibali, nikapanda kidogo kidogo mpaka nikakabidhiwa treni yenyewe. Bendi ilikuwa imeshakufa. Besi niliifunga kwenye kitenge nikaisukuma chini ya kitanda.

Jioni ya siku ile ya simu nilimweleza mke wangu. Yeye ni wa Bukavu, alikuja huku kama mkimbizi, na anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa hapa Husby, mtaani kwetu. Alikuwa anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa banakuita ukafanye nini, kabisa kabisa?"

"Nipige besi. Kama zamani."

"Na ule mugongo?"

"Na mgongo."

Aliweka kisu chini. "Batu balipe tikiti juu ya kuangalia mugongo? Miye nauangalia kila siku, bure."

Binti yetu, ambaye yuko chuo na hutujibu kwa Kiswidi hata tukimsemesha Kiswahili, alicheka mpaka akaegemea friji. Halafu akaenda kuitafuta santuri yetu kwenye simu yake, akaisikiliza yote, spika za masikioni zimezibwa na nywele. Alipozitoa alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yao ina chumba ambacho hakuwahi kukifungua. "Huyu ni wewe?" aliuliza. Nilimwambia ndiyo. Nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyotia sahihi mkataba.

Mkataba ulikuwa na kipengele kilichosema maonyesho yatafanana na ya zamani kwa mavazi na kwa mpangilio wa jukwaa. Nilikisoma. Niliona ni maneno ya kawaida ya mawakili. Kazini niliomba likizo bila mshahara, wakaniwekea mtu kwenye zamu zangu hadi mwisho wa ziara.

Tulifanya mazoezi kwenye handaki jingine, lenye mlango wa chuma ule ule na harufu ile ile ya saruji na vumbi la joto. Mwimbaji alikuja kutoka Fisksätra, nje ya mji, na begi la mgongoni. Alikuwa muuguzi wa shule, amestaafu. Alinikumbatia akaning'ang'ania. "Nilikuwa nawafunga watoto bendeji na kuimba hizi nyimbo kimoyomoyo," alinong'ona. "Miaka yote hiyo. Nilidhani nitakufa nazo." Mpiga dramu alikuwa amenenepa na amepata mvi, na bado hakuwa na maneno. Alinipa mkono, akakaa, akapiga ngoma kubwa mara moja. Macho yangu yakaenda kwenye mguu wake kabla sijayatuma.

Nilikuwa nimedhani nimesahau. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Lakini nilipojaribu kumtazama mwimbaji, au ukuta, wimbo ulinitoka. Nilicheka, nikasema uzee. Nikarudi kwenye mguu.

Mpiga gita alileta bango la ziara likiwa limekunjwa, akalifungua juu ya spika kwa fahari. Ulikuwa mgongo wangu wa ujana, mkubwa, na hakuna kingine. Kisha akaninyooshea mfuko wa nguo. Ndani mlikuwa na koti la kahawia, limeshonwa jipya, la kipimo changu cha sasa, na viwiko vyake vimekwanguliwa ili lionekane kuukuu.

"La zamani lilikuwa la karakana," nilimwambia. "Nililivaa kwa sababu sikuwa na muda wa kubadilisha."

"Najua," alisema. "Nakumbuka kila kitu."

Na kweli alikumbuka. Baada yetu alijaribu bendi nyingine, na nyingine tena, na zote zilizama. Nilimwangalia anavyolilaza bango lile kwa viganja, taratibu, na nikaelewa kwamba huyu hajawahi kutoka kwenye handaki letu la kwanza. Sisi wengine tulipata kazi, wake, waume, watoto, maradhi. Yeye alibaki mle ndani anatungoja.

Kabla ya onyesho la kwanza, alikuja mwandishi wa habari, kijana mwenye adabu, kinasa sauti mezani. Aliniuliza lile swali la mgongo. Niliona ndiyo nafasi yangu.

"Niliogopa picha," nilisema. "Ningerudishwa nyumbani. Tena sikuwa najua nyimbo vizuri. Nilikuwa naangalia mguu wa mwenzangu."

Alitabasamu kama mtu aliyepewa fumbo zuri. "Kwa hiyo mgongo ulikuwa njia ya kuikataa dola inayokutazama."

"Hapana. Niliogopa."

"Naam, hofu kama msimamo."

Nilimtazama mpiga dramu. Akainua mabega. Habari ilipotoka ilikuwa imeandikwa vizuri sana, na mimi sikuwamo.

Ziara ikaanza. Tulisafiri kwa gari dogo, vyombo nyuma, sisi mbele: Malmö, Göteborg, Norrköping, miji ya kaskazini yenye theluji hadi madirishani. Kila mahali kumbi zilijaa. Nisiseme uongo kwamba sikusikia utamu wake. Besi ilikuwa inaingia kwenye nyayo za miguu kupitia mbao za jukwaa, na nyuma yangu watu walikuwa wanaunguruma. Lakini nyuma yangu. Nilikuwa nawasikia kama unavyosikia sherehe ya jirani kupitia ukuta. Wenzangu waliona nyuso. Waliposhuka walikuwa wanasimuliana: umemwona yule mzee aliyekuwa analia, umewaona wale wasichana wawili. Mimi niliona ngoma, pazia jeusi, kopo la maji la mpiga dramu na kiatu chake. Mji mmoja na mwingine ilikuwa ni kiatu kile kile.

Huko Norrköping mwanamke mmoja alinijia kwenye korido, akapandisha mkono wa sweta. Alikuwa amechorwa tatuu juu ya kiwiko: mgongo wangu. Alisema ulimvusha kwenye miaka mibaya. Nilimshukuru. Alikuwa anasema na mimi huku ananitazama usoni kwa namna ya kutahayari, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Kisha akaomba tupige picha. Nikasimama kando yake, nikatabasamu. "Samahani," alisema kwa upole, "ungeweza kugeuka?"

Nikageuka. Nilisikia simu inabofya. Nilikuwa natazama ukuta wa korido, tangazo la njia ya kutokea wakati wa moto, na nikahisi joto la aibu linapanda shingoni, ingawa hakuna aliyenitukana.

Nikamfuata mpiga gita alipokuwa anakunja nyaya. Nilimwambia Stockholm mke wangu na binti yangu wanakuja, wamekata tikiti kama watu wengine. Nataka nigeuke. Wimbo mmoja tu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliendelea kukunja waya kwenye kiwiko. "Unakumbuka kipengele cha mkataba?"

"Nakikumbuka."

"Wakala wa ziara anauza mgongo. Mimi sikuupanga uwe hivyo. Wewe ndiye uliyegeuka." Kisha akashusha sauti. "Hawa watu wamengoja miaka yote hii. Ukiwaonyesha uso, watakuwa wamemwona mzee mmoja mwema anayepiga besi. Wazee wema wanaopiga besi wako kila kanisa."

"Mimi ndiye huyo mzee," nilisema.

"Najua," akasema. "Mimi pia."

Njiani kurudi Stockholm nilikaa kiti cha nyuma katikati ya magita, magoti yamenigusa kifua. Nilifikiria kuacha. Lakini nani angeacha mbele ya yule mwimbaji, ambaye alikuwa anaimba peke yake anapofunga kamba za viatu? Kazini nako zamu zangu zilikuwa na mtu. Nyumbani nilikuwa nimeshajitapa. Kila upande niliogusa palikuwa na ukuta, na kuta zote nilizijenga mwenyewe, kwa hiari, huku nacheka.

Ukumbi wa Stockholm ulikuwa mtaa wa Södermalm, na ulijaa kuliko kwingine kote. Mke wangu alikuja na gauni la kitenge na koti zito juu yake, kwa sababu alisema haendi kwenye shughuli ya mume wake kama mtu anayekwenda zamu. Nilimwona kabla ya kuanza, kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa amekaa wima, mkoba magotini, kati ya watu waliovaa nyeusi tupu. Binti yetu alikuwa anamwelekeza vitu kwa kidole.

Tukapiga. Nilikaa na mgongo wangu wimbo baada ya wimbo. Nilijua wako kushoto, karibu na nguzo, na upande wangu wa kushoto wote ulikuwa unawasha kama mtu anayeota jua upande mmoja. Ulipofika wimbo wa pili kutoka mwisho, wa taratibu, ambao besi inaanza peke yake, niliacha kufikiri. Niligeuka.

Sikuona kitu.

Hilo sikulitegemea. Taa zilikuwa zimeelekezwa usoni mwangu, nyeupe, na nyuma yake kulikuwa na giza moja kubwa linalopumua. Hapakuwa na kushoto wala nguzo. Nilimtafuta mke wangu kwa macho nikapata weupe tu. Niliusikia ukumbi unanyamaza, halafu makofi machache, halafu sauti ya mwanamume: "Geuka!" Mwingine akapiga mluzi. Vidole vyangu vilikuwa vinaendelea, na ghafla nikavisikia kama vya mtu mwingine. Nilikosa noti. Nikakosa ya pili. Nikatafuta mguu wa kunishika, na mguu ulikuwa nyuma yangu. Wimbo ukalegea, ukasimama.

Mpiga gita alikuwa anatazama sakafu. Mwimbaji ndiye aliyekuja. Aliweka mkono begani pangu, maikrofoni ameishusha ili tusisikike.

"Unataka tuupige ukiwa hivi?" aliuliza. "Tutakungoja. Nakuapia, tutangoja."

Hakuna mtu aliyewahi kunifungulia mlango kwa upana namna ile. Nilisimama pale, jasho linanichirizika ndani ya lile koti jipya lililokwanguliwa, nikajaribu. Niliweka kidole kwenye uzi wa kwanza. Sikujua wimbo unaanzia wapi. Wimbo nilioupiga nusu ya ujana wangu, na bila kile kiatu mbele yangu haukuwepo.

"Siwezi," nilimwambia.

Nikageuka tena. Mpiga dramu alinitazama, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayekusalimu uliporudi nyumbani, akahesabu. Vidole vikashika njia. Nyuma yangu ukumbi ulilipuka kwa shangwe kubwa kuliko zote za ziara ile, na kila mtu baadaye alisema kwamba ulikuwa mpango wetu, na kwamba ulikuwa mpango mzuri.

Asubuhi tulikunywa chai jikoni, sote watatu. Nilikuwa nangoja mke wangu aseme kitu, naye alikuwa anapaka mkate siagi polepole.

"Nilikuona," alisema mwishoni.

"Uliona nini?"

"Uso ya mutu anatafuta mulango." Akanisogezea mkate. "Kula."

Binti yetu alisema, kwa Kiswidi, kwamba aliyepiga kelele ya kwanza alikuwa kiti cha mbele yao. Alimgonga begani akamwambia, yule ni baba yangu, na ana uso. Mtu yule alimwomba radhi sana. Alisema haikuwa dharau. Alisema ameisikiliza santuri ile tangu akiwa na umri wake yeye binti, na alikuwa ameogopa.

"Aliogopa nini?" nikauliza.

"Hakujua," alisema binti yetu. Kisha, kwa Kiswahili, jambo ambalo si kawaida yake: "Pole, Baba."

Ujerumani walitutaka baada ya hapo. Mpiga gita alinipigia simu na majina ya miji, na nikamwacha ayataje yote, kisha nikamwambia siendi. Mkataba wa kwanza umeisha na wa pili sitautia sahihi. Niliandaa maelezo marefu. Hakuyahitaji. Alisema tu, "Naelewa," na nikajihisi mwepesi kiasi kwamba niliosha vyombo vyote huku naimba.

Nikarudi kwenye treni. Abiria hawajui nani anawaendesha, na nilikuwa nimeisahau raha ya hilo.

Wiki kadhaa baadaye binti yetu aliingia chumbani na simu mkononi, uso umembadilika. Ilikuwa video kutoka Ujerumani. Mwimbaji, mpiga gita, mpiga dramu, na kando ya dramu, mgongo kwa watu, mtu mweusi ndani ya koti la kahawia. Viwiko vilikuwa vimekwanguliwa vile vile. Alipiga vizuri. Alipiga vizuri kuliko mimi, hata sehemu ile ya taratibu. Chini yake watu walikuwa wameandika maoni. Wengi walisema sijazeeka hata kidogo.

Binti yetu alitaka kuandika ukweli hapo hapo. Nilimkataza. Nilikuwa nimetoka, nafasi yangu ilikuwa imejaa, na hakuna aliyeona mtu akitoka wala mtu akiingia. Nilikaa kitandani na video ile nikaiangalia tena na tena. Ninaona aibu kusema kwamba nilimwonea wivu.

Yule wa kwenye video mwenyewe alinipigia. Alianza kwa Kiswahili. "Shikamoo, mzee. Samahani, Kiswahili yangu ni mbaya, nimezaliwa huku." Wazazi wake walitoka Kenya. Namba alipewa na mwimbaji. Alisema hakuwa ameelezwa mwanzoni kwamba watu wataambiwa ni mimi, au tuseme, kwamba hawataambiwa kuwa si mimi. Alikuwa anapumua kama mtu aliyejifungia mahali ili azungumze.

"Nilitaka kuuliza kitu," alisema. "Ukisimama pale, unaangalia wapi?"

"Mguu wa mpiga dramu."

"Eeh. Mimi pia sasa. Mwanzo nilikuwa naangalia pazia tu." Akanong'ona: "Na kugeuka, mzee? Nikitaka kugeuka?"

Nilimweleza habari ya taa. Nilimweleza nilivyotafuta wimbo nikaukosa. Nikamwambia kama anataka kugeuka ageuke mapema, kesho kama inawezekana, kabla vidole vyake havijazoea.

Alicheka kidogo, bila furaha. Alisema mkataba wake ni wa mwaka mzima, na kile kipengele cha mpangilio wa jukwaa kimo ndani. Kisha mtu akagonga mlango upande wake, nikasikia akiitwa kwa Kiswidi, si kwa jina, na akaniomba radhi kwamba lazima aende, wanapima sauti.